Mzigo Wenye Wakili

Maelekezo yalitoka Hong Kong, yakapitia ofisi ya mawakili ya Dar es Salaam inayonipa vibarua, yakanifikia yakiwa kurasa mbili. Niende Isaka na Kahama. Niangalie beringi zenye chapa ya mteja zinauzwa na nani, kwa bei gani, na zimeingilia wapi. Ninunue chache kama mnunuzi wa kawaida, nidai risiti, nipige picha boksi pande zote. Mteja ni kiwanda cha Japani ambacho sitakitaja. Aliyemwandikia wakili wetu ni mwanasheria wa kampuni ya kimataifa, idara ya miliki bunifu kwa Asia, ghorofa ya ishirini na kitu katika mji ambao sijawahi kuuona.

Watu hudhani kazi ya idara kama hizo iko mahakamani. Sehemu kubwa ni ya miguu. Baker McKenzie wako Hong Kong tangu 1974, na wengine wengi waliwafuata kwa sababu ile ile: kiwanda kinachoiga kiko China bara, mwenye chapa yuko Tokyo au Ujerumani, na mnunuzi wa mwisho yuko Afrika. Wakili anayekaa katikati yao anaweza kuagiza kesi ifunguliwe Guangzhou, ambako pamoja na Beijing na Shanghai mahakama maalumu za miliki bunifu zilianzishwa mwishoni mwa 2014. Lakini kabla haijafunguliwa anataka kujua mzigo uliishia wapi, maana kiwanda kitakana na karatasi zitakuwa na jina la wakala aliyekwisha kufunga ofisi. Hapo ndipo barua pepe inapoteremka mpaka mkoa wa Shinyanga.

Nilipanda basi Dodoma. Treni ya reli ya kisasa ilianza kuleta abiria mpaka hapo mwaka 2024; anayetaka kuendelea magharibi anarudi kwenye lami. Manyoni, Singida, kisha mteremko wa Sekenke, walikochimba dhahabu Wajerumani, halafu mbuga ya Wembere iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Igunga, Nzega. Baada ya Nzega mawe makubwa yanaanza kusimama mashambani, na katikati yake majaruba ya mpunga, yamekatwa kwa matuta ya udongo, mengine yana maji bado. Nilimuuliza jirani yangu, mama aliyebeba kuku wawili kwenye kapu, mpunga huu unauzwa wapi. Akajibu, “Kahama, baba. Halafu Kahama wanajua wenyewe.” Nililiandika jibu hilo pembeni ya daftari bila kujua litanirudia.

Tinde ni njia panda. Kulia ni Shinyanga na Mwanza, kushoto ni Isaka, Kahama, na mbele kabisa Rusumo. Basi likakata kushoto, na ghafla barabara ikawa ya malori. Semi trela zimefuatana, turubai zimefungwa kwa kamba za rangi tatu, utingo kalala juu ya mzigo kama yuko kwao.

Isaka ipo kwa sababu ya kupakua. Waingereza walimaliza tawi la reli kutoka Tabora mpaka Mwanza mwaka 1928, na kituo hiki kikawa kimoja kati ya vingi. Kilichokikuza ni jirani asiye na bahari. Kutoka hapa mpaka Kigali kwa barabara ni kama kilomita mia tano, hivyo treni ikifika na makontena kutoka bandari ya Dar es Salaam, yanashushwa, yanapandishwa kwenye malori na kuondoka kwenda Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki. Baada ya 1994, chakula cha msaada cha wakimbizi kilipita hapa hapa. Sasa tuta la reli mpya linaufuata mji kutoka pande mbili: kipande cha Tabora mpaka Isaka, kilomita 165, mkataba wake ulisainiwa Julai 2022 na Yapı Merkezi ya Uturuki, kipande cha Isaka mpaka Mwanza, kilomita 341, kiko kwa kampuni za China na jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021. Mturuki na Mchina watakutana Isaka, na mwenyeji anauza chai ya maziwa kwa wote wawili.

Kwenye kibanda cha mama lishe karibu na bandari kavu nilikaa na madereva. Mmoja alikuwa anapeleka gari ya IT, yaani ya transiti, Toyota iliyotumika Japani, bado ina stika ya mnada kwenye kioo. Mwingine alivuta trela lenye kontena la futi arobaini kwenda Goma. Nilimuuliza kabeba nini.

“Anko, mimi nabeba namba,” akasema, akinionyesha lakiri kwenye picha ya simu yake. “Lakiri hii ikikatika kabla ya mpaka, nina kesi na TRA. Ndani kuna nini anajua Mungu na wakala.”

Jibu hilo lilikuwa na sheria ndani yake kuliko kurasa mbili za Hong Kong. Mzigo wa transiti haujaingia sokoni Tanzania. Umekopeshwa barabara tu. Alama ya biashara nayo ina mipaka ya nchi: iliyoandikishwa kwa msajili wa Bara, BRELA, chini ya sheria ya mwaka 1986 inalindwa Tanzania Bara, miaka saba ya kwanza, kisha kumi kumi kila inapohuishwa. Zanzibar ina msajili wake. Rwanda ina wake, na tangu 2013 imo pia kwenye Itifaki ya Madrid, ambapo ombi moja la Geneva linaweza kufika Kigali. Tanzania Bara haimo huko. Iliingia kwenye Itifaki ya Banjul ya ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, mwaka 1999, lakini mawakili wa Dar bado humwambia mteja aandikishe hapa hapa nchini, kwa sababu itifaki ile haikuwahi kuingizwa sawasawa kwenye sheria zetu. Kwa hiyo kontena moja likilala Isaka usiku, beringi iliyomo inaweza kuwa feki kwa sheria ya Kigali, ya Dar, au isiwe feki popote, kutegemea nani aliwahi dirisha gani. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani haulazimishi nchi kuzuia mali inayopita.

Na mimi, niliyetumwa kutafuta feki, nasema afadhali isilazimishwe. Kuna funzo la dawa. Mwishoni mwa 2008 maofisa wa forodha wa Uholanzi walizuia shehena ya losartan, dawa ya shinikizo la damu, iliyotengenezwa India ikielekea Brazil. India hakukuwa na hataza juu yake, Brazil hakukuwa na hataza. Hataza ilikuwa Uholanzi, ambako dawa haikuwa inauzwa, ilikuwa inapita tu. Mwaka 2010 India na Brazil zikaupeleka Umoja wa Ulaya mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Kenya nayo ililigusa jambo hilo: sheria yake ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia ilieleza ubandia kwa upana uliotishia dawa halali za bei nafuu, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kuwa vifungu hivyo vinavunja haki ya wagonjwa wa UKIMWI waliofungua kesi. Nchi ikijipa mamlaka ya kufungua kila kontena linalopita, siku moja litafunguliwa lenye vidonge vya mgonjwa wa Bukavu. Wakili wa Hong Kong hatapenda kusikia hivyo, lakini Isaka ikae kipofu.

Kahama ni karibu, na ndipo sokoni penyewe. Ni manispaa sasa, ina maduka ya spea yaliyopangana mitaa mizima: minyororo ya pikipiki, pampu za maji, mikanda ya mashine za kukoboa, na beringi. Beringi zimejaa kwa sababu ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Buzwagi, pembeni ya mji, ulifungwa 2021. Bulyanhulu bado upo, nao hununua vipuri vyake kwa mikataba, hauji dukani. Wateja wa dukani ni wachimbaji wadogo. Mawe yakitoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, yanapelekwa karasha, mashine ya kusaga inayozunguka mchana kutwa kwa injini ya dizeli au umeme wa kuungaunga. Vumbi la mawe ndilo adui wa beringi. Hata nzuri haidumu humo. Mbaya haifiki mbali.

Kwenye duka la tatu hivi nikazipata. Boksi la rangi ile ile ya mteja wangu, maandishi yale yale, isipokuwa herufi moja ya “Japan” imekaa juu kidogo ya mwenzake na namba ya toleo imechapwa kwa wino unaofutika kwa kidole. Muuzaji hakuficha.

“Unataka ojino au unataka ya kazi?” akaniuliza.

Ya kazi ilikuwa karibu robo ya bei. Nikanunua zote mbili, nikadai risiti, akanitolea ya mashine bila kusita, jina la duka juu, “bearing x2” chini. Wakili wa Hong Kong baadaye aliisifu risiti hiyo kuliko maelezo yangu yote.

Nilitaka kumwona anayezinunua. Nje ya mji kuna eneo la makarasha, na mwenye moja alikuwa kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, masikio yamezibwa kwa pamba. Nikamwamkia kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” akaitikia, kisha tukapanda kwenye kilima cha mabaki ili tusikilizane. Nilimwonyesha maboksi mawili. Akaitambua feki kabla sijaifungua.

“Hii naijua. Inanipa wiki mbili, nikibahatika tatu. Hiyo nyingine inanivusha miezi. Lakini hela ya hiyo nyingine naipata nikishasaga, na kusaga siwezi bila beringi. Sasa nianze na ipi?”

Nikamuuliza kama feki iliwahi kumletea madhara. Akanionyesha bamba la chuma lililokunjika. Shafti ilichomoka usiku mmoja, ikapiga ukuta wa mabati ikatoka upande wa pili. Kijana aliyekuwa zamu alikuwa kaenda kujisaidia. Hakusema zaidi, akarudi kwenye ndoo yake.

Sheria yetu ina jibu kwa muuzaji, haina kwa mzee huyu. Tume ya Ushindani, FCC, hutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na kanuni zake za 2008; mwenye chapa analalamika, wakaguzi wanaingia dukani, mali inakamatwa na kuteketezwa. Duka la Kahama likifagiliwa leo, makarasha ya kesho yatanunua mtaa wa pili. Ndiyo maana idara za Hong Kong zimejifunza kuvizia mwanzo wa njia. Forodha ya China, tofauti na ya nchi nyingi, hukagua mali inayotoka pia, na mwenye chapa anaweza kuiandikisha chapa yake kwao ili shehena isimamishwe kabla ya meli.

Kesi iliyolikaza jambo hilo ilihusu pikipiki. Juni 2016 forodha ya Kunming ilizuia seti 220 za pikipiki ambazo hazijaunganishwa, zenye thamani ya dola 118,360, zikielekea Myanmar. Zilikuwa na neno HONDAKIT, ila HONDA limekuzwa na kupakwa nyekundu na KIT limekuwa dogo chini yake. Kiwanda cha Chongqing kikajitetea kwamba kimetengeneza kwa oda ya mteja wa Myanmar mwenye chapa yake huko, na kwamba hakuna hata pikipiki moja itakayouzwa China, kwa hiyo hakuna Mchina wa kuchanganywa. Utetezi huo ulikuwa na nguvu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Watu ya China iliukubali kwenye kesi ya kufuli za PRETUL. Kwenye Honda, Septemba 2019, mahakama hiyo hiyo ikageuka: kubandika chapa kwa ajili ya kusafirisha ni kuitumia chapa.

Mwenye duka kubwa la spea, kijana aliyekwishafika Guangzhou na Yiwu, hakuwahi kusikia habari za Kunming, lakini matokeo yake alikuwa nayo droo ya chini. Alikuwa ameagiza minyororo yenye jina lake mwenyewe. Zamani, alisema, ulituma mchoro kwa WeChat, ukalipa asilimia thelathini, basi. Safari hii kiwanda kikamwambia: tuletee cheti cha chapa kwanza. Akaandikisha BRELA kwa mtandao, cheti kikatoka, mzigo ukatengenezwa.

“Kwa hiyo sasa jina ni langu,” akasema.

“Ni lako Tanzania Bara,” nikamwambia. “Wateja wako wa Burundi?”

“Wanakuja wenyewe kununua.”

“Na China je? Umeandikisha?”

Alinitazama kama nimemuuliza kama ameandikisha mwezini. Nikamweleza kwamba China anayewahi dirishani ndiye mwenye jina. Apple yenyewe, mwaka 2012, ililipa dola milioni 60 kwa kampuni ya Proview ili kumaliza ugomvi wa jina iPad huko. Mwaka 2023 peke yake China ilipokea maombi ya alama zaidi ya milioni saba; hakuna ajuaye kama jina la duka la Kahama limo humo. Wakala wake akigombana naye, anaweza kuliandikisha yeye, kisha forodha ya Ningbo ikauzuia mzigo wa mwenye jina kwa kuiba jina lake. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akaomba namba ya simu ya ofisi yetu. Wateja wa namna hii hatuna wengi. Kampuni ya Japani ina mawakili katika kila bandari, na huyu ana mimi, tena kwa bahati kwamba nilikuja kumtafutia makosa jirani yake.

Kazi yangu ilikwisha hapo kwa upande wa beringi, nikabaki kungoja basi. Mtaa wa mashine za kukoboa hauko mbali, na nikaenda huko kwa sababu ya yule mama wa kuku. Mpunga wa Msalala, Ushetu na Nzega unashushwa hapo, unakobolewa, unapangwa kwa madaraja. Wanunuzi wa Rwanda na Uganda wanakaa kwenye mabenchi, kila mmoja na mwenyeji wake, mtu anayetia mchele kiganjani, anauinua kwenye mwanga, anataja bei. Nikaona mifuko mitupu imerundikwa. Imechapwa vizuri, picha ya shuke, na neno KYELA kwa herufi kubwa.

Kyela iko Mbeya, upande wa Ziwa Nyasa, siku nzima ya basi kutoka pale. Mama mwenye mashine, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini, hakuona cha ajabu.

“Mwanangu, Dar wanataka Kyela. Nikiwaandikia Kahama wananiuliza huu una mawe?”

“Una mawe?”

“Mchele wangu?” Akanishika mkono, akanimwagia kiganja kizima. Ulikuwa mrefu, mweupe, unanukia. Hauna jiwe.

Basi hapo nikakumbuka faili lililo ofisini, la wateja wa India. Mwaka 1997 kampuni ya Texas, RiceTec, ilipewa hataza ya Marekani juu ya mbegu na nafaka za aina ya basmati. India ikapinga, na madai mengi yakaondolewa. Tangu hapo serikali yake haikulala: chai ya Darjeeling ikawa ya kwanza kusajiliwa India kwa jina la mahali, 2004, na basmati ikafuata 2016. Mamlaka yake ya kuuza mazao nje, APEDA, hukodi mawakili dunia nzima kupinga kila anayelitumia jina hilo. Mpaka Nairobi walifika, wakapinga kampuni ya Kenya iliyotaka kuandikisha alama sita zenye neno Basmati. Walishindwa, kwa sababu jina halikuwa limesajiliwa Kenya, lakini walikuwepo, na wakakata rufaa. Mchele huo una kamati, una bajeti, una wakili wa kupinga na wa kukata rufaa.

Kyela haina hivyo, ndiyo maana jina lake limelala kwenye rundo la mifuko Kahama bila mwenyewe kujua. Zanzibar iliweka kinga ya majina ya mahali kwenye sheria yake ya mali ya viwanda ya 2008, ikiifikiria karafuu. Bara kwa miaka yote hiyo imekaa bila sheria mahsusi ya namna hiyo. Lakini anayepoteza zaidi, kwa maoni yangu, ni Kahama yenyewe. Mkulima wa Kyela ameibiwa jina, wa Msalala ameibiwa mchele, na aliyemwibia ni mfuko anaoununua kwa hela yake. Na mfuko una gharama nyingine. Mwanzoni mwa 2024 malori zaidi ya ishirini ya mchele wa Tanzania yalizuiliwa Rwanda kwa kuwa daraja lililoandikwa halikulingana na lililomo ndani, mpaka serikali mbili zikazungumza. Mama aliikumbuka wiki ile. Mzigo wake haukuwemo, alisema, lakini wanunuzi walikimbia wote, wa mchele mzuri na wa mbaya, kwa kuwa hakuna aliyejua upi ni wa nani.

Akaniuliza bei ya kuandikisha. Nikamwambia ukweli: “Kahama” peke yake msajili atalikataa, kwa kuwa ni jina la mahali na ni la wote. Lakini anaweza kuandikisha jina lake na picha yake, akaongeza “mchele wa Kahama” chini bila kulidai. Na aanze na Kigali kabla ya Dar, maana ndiko mchele wake unakokwenda, na huko yule anayemuuzia anaweza kumtangulia dirishani.

Alipiga hesabu kwa magunia. Alinitajia idadi, nikapunguza ada ya ofisi, akanitajia nyingine. Katibu wake, binti wa chuo aliyekuwa likizo, akaandika jina la mama kwa herufi kubwa nyuma ya mfuko wa Kyela ili waone litakavyokaa.

“Libaki hivyo hivyo,” mama akasema. “Ila punguza hizo herufi. Mteja aone mchele kwanza.”